Bonasi ya Oktoba, Mianya ya Februari

 

Mtu anayejenga Githongo, huku kwetu Meru, mwaka wake hauanzi Januari. Unaanza siku ile bonasi ya chai inapoingia benki. Wanaopeleka majani kiwanda cha Githongo, kama wenzao wa Imenti na wa Kionyo, hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Halafu hesabu za mwaka, ambazo KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo wa chai, huzifunga tarehe 30 Juni, zikishakaguliwa, yale malipo makubwa huja kwenye mwezi wa Oktoba. Hizo ndizo pesa za karo, za tangi la maji, za mabati. Na siku hizi, kwa wale ambao ukuta na paa vimeshaisha, ndizo pesa za sakafu ya mbao.

Sasa angalia mambo yanavyofuatana. Oktoba pesa imeingia, na mvua za vuli nazo zimeingia. Novemba fundi yuko ndani ya nyumba anagonga misumari huku nje kunanyesha. Haraka ya nini? Desemba watoto wanarudi kutoka Nairobi, mmoja anatoka Marekani na mke wake, na sebule lazima iwe imekamilika. Krismasi inafika, wageni wanasifu, mwenye nyumba anatembea bila viatu makusudi ili wamwone. Halafu inakuja Januari na jua lake. Februari mbao zimeachana, unaona saruji kati ya ubao na ubao, na sarafu ya mtoto ikianguka hapo inazama. Mwenye nyumba anampigia fundi simu kwa hasira. Fundi anasema mbao zilikuwa mbovu. Muuza mbao anasema fundi hajui kazi. Nimesikiliza kesi hizi za sebuleni mara nyingi, na kila mara naona mshtakiwa halisi hajaitwa: sakafu ilitandikwa kwa kufuata siku ya malipo na siku ya wageni, wala hakuna aliyeuliza maji yaliyomo ndani ya mbao.

Sakafu ya mbao ni habari ya maji tangu mwanzo hadi mwisho. Na hapa nashangaa kidogo, kwa sababu mkulima wa chai anayajua mambo ya kukausha kuliko mtu wa mjini. Anajua kwamba jani bichi, robo tatu ya uzito wake au hata zaidi ni maji, na kwamba kiwandani linanyaushwa na kukaushwa mpaka yabaki maji ya asilimia chache tu. Anajua jani lililokaushwa vibaya halina mnunuzi. Mtu huyo huyo ananunua mbao zilizopasuliwa wiki mbili zilizopita, nyingine bado zinatoka jasho kwenye ncha, anazipeleka moja kwa moja sebuleni.

Mti ukiangushwa, maji ndani yake huwa juu ya asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu. Ya kwanza yanayotoka hayabadilishi umbo. Lakini unyevu ukishuka chini ya hiyo 30, ubao unaanza kunywea, na hunywea kwa upana. Kwa urefu hausogei kiasi cha kukusumbua. Hebu tufanye hesabu, na mwenye penseli aichukue. Sebule ina upana wa mita 4. Umeitandika kwa mbao za sentimita 15, ambazo ni kama 27 zikipangwa ubavu kwa ubavu. Mbao zilizopasuliwa kwa njia ya kawaida hunywea karibu robo ya asilimia ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayopotea. Ziliingia Novemba zikiwa na unyevu wa asilimia 18. Februari ziko 12. Zimepoteza 6, na robo mara 6 ni asilimia moja na nusu. Asilimia moja na nusu ya mita 4 ni sentimita 6. Sentimita 6 za sebule yako zimetoweka! Zigawe kwenye ile mianya na kila mwanya unapata zaidi ya milimita 2, unene wa njiti ya kiberiti. Hakuna fundi duniani, hata awe hodari vipi, anayeweza kuzuia hesabu hiyo kwa msumari.

Kujua unyevu wa mbao kuna kifaa chake, cha kuchoma ubao kwa pini mbili na kusoma namba, na fundi anayefanya sakafu kila siku inafaa awe nacho. Usipokuwa nacho, mizani ya jikoni inatosha. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, usikate kwenye ncha, maana ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipime. Kiweke kwenye oveni yenye moto mdogo, ukitoe na kukipima tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Kama kilikuwa gramu 112 na kimeishia gramu 100, maji yalikuwa 12 kwa kila 100 ya mbao kavu, yaani asilimia 12, na hiyo ni namba nzuri ya kufanyia kazi. Kama kimetoka 125 kikaja 100, rudisha mbao mahali ulipozitoa, au zirundike ungoje.

Kungoja ni muda gani? Mafundi wa zamani walihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na sijaona sababu ya kuwabishia, hasa huku kwenye mteremko wa mvua ambako ukungu wa Julai unakaa mpaka saa sita mchana. Mbao zipangwe kivulini, chini ya mabati, juu ya mawe au matofali, na kati ya safu na safu kuwe na vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Vijiti hivyo vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Vikipishana, mbao zitajifunza kupinda kama vilivyopishana. Ncha zipakwe rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo, maana maji yakitoka upesi nchani ubao unapasuka. Juu weka uzito.

Kwa hiyo, mtu wa bonasi, pesa ya Oktoba hii inunue mbao na mabati ya kuzifunika. Ziache. Agosti ya mwaka ujao zipige randa, ziingize ndani ya nyumba yenye madirisha na milango tayari, zikae humo wiki kadhaa zizoee hewa ya chumba, uzifunge Septemba kabla ya mvua. Najua utakachoniambia: mama watoto hatakubali kukaa Krismasi nzima juu ya saruji. Hilo mtalimaliza wenyewe.

Sasa mti gani? Hapa mtu wa Githongo ana utajiri ambao wa Nairobi anaununua kwa bei ya kuumiza. Nairobi watu wanaagiza mvule na mahogani ya Kongo, inayopita Uganda kwa malori hadi mpakani. Sisi tuna muuru. Wazungu waliuita mwaloni wa Meru, ingawa na mwaloni hauna undugu wowote. Jamaa zake ni mifudu ile ya pwani. Kwa asili muuru huota Kenya peke yake, na hasa upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya. Mbao yake ni ya hudhurungi iliyopauka, ina mistari ya kupendeza, inakubali randa na vanishi. Si ngumu kama mvule, kwa hiyo viatu vya kisigino chembamba vitaiachia vishimo, lakini kwa chumba cha kulala sioni ya kuishinda.

Ila muuru una habari yake ya huzuni, na siwezi kuiruka. Misitu yetu imekatwa vibaya. Mwaka 1999 KWS, shirika la wanyamapori, walipaa kwa ndege juu ya msitu wa Mlima Kenya wakahesabu uharibifu. Miti ya kamfa peke yake iliyokuwa imeangushwa ilizidi 6,700. Mwaka 2000 msitu ukawekwa mikononi mwa KWS wenyewe. Muuru nao umo kwenye orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Halafu Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa mbao katika misitu ya umma, ikasema ni siku 90, siku 90 zikazaa miaka; Julai 2023 ndipo Rais Ruto akatangaza kuondoa marufuku, na mvutano ukahamia mahakamani. Muuru ninaousifu hapa ni ule uliopandwa shambani mwa mtu, wenye karatasi ya chifu na kibali cha KFS, shirika la misitu, cha kuusafirisha. Mbao ya bei rahisi isiyo na karatasi, inayoletwa usiku, hata ikiwa imekauka vizuri kiasi gani, sitaki kuisikia.

Na tuna grevilea, mukima kama wengi wanavyouita. Umejaa kwenye mipaka ya mashamba na kati ya kahawa, tunaukata kuni na kutengenezea mbao za kumwagia zege kana kwamba hauna thamani. Mimi nasema grevilea iliyokomaa, iliyonyooka, ikipasuliwa sawasawa, ni sakafu. Siri iko kwa mtu wa pawasoo. Gogo likikatwa mbao kutoka moyoni kuelekea ganda, badala ya kukatwa vipande bapa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, unapata mbao chache zaidi, lakini hizo hunywea karibu nusu ya zile za kawaida, na uso wake unatoa madoa yanayometa kama kitambaa cha hariri. Wenye mashine hawapendi kupasua hivyo, kwa sababu gogo linageuzwa geuzwa na muda unapotea. Walipe huo muda. Vumbi lake huwawasha watu wengine ngozi, fundi avae mikono mirefu. Na haivumilii mchwa, kwa hiyo itiwe dawa kwa chini. Mkaratusi ni mgumu, nakubali, lakini unapinda na kupasuka hata ukiuangalia tu. Kiachieni kiwanda cha chai kwa ajili ya boila.

Mbao zimekauka. Je, saruji imekauka? Hili linasahauliwa kabisa. Slebu iliyomwagwa mwezi jana ina maji mengi yanayotafuta njia ya kutokea, na yakitoka yanaingia kwenye mbao kwa chini, ubao unavimba tumboni na kujikunja kingo kwenda juu. Hesabu mwezi mmoja kwa kila inchi ya zege, katika hali ya hewa nzuri, na hali ya hewa yetu unaijua. Kipimo ni cha bure: chukua karatasi ya nailoni inayoonyesha, pana kama gazeti lililofunguliwa, ibandike kwenye saruji kwa utepe pande zote nne, iache mpaka kesho yake. Ukiona umande kwa ndani, au saruji imekuwa nyeusi hapo, ngoja. Na hata ikiwa kavu, tandika nailoni nzito ya geji 1000 chini ya fito, ipande ukutani kidogo, kwa sababu nyumba nyingi za huku zimekaa kwenye mteremko na maji ya mvua hupita chini yake.

Juu ya nailoni zinakaa fito za 2 kwa 2, sentimita 40 kati ya moja na nyingine, zimenyooshwa kwa pima maji na vipande vya kuinulia. Mbao za sakafu zenyewe ziwe zile za ulimi na mfereji, ambazo ulimi wa ubao mmoja unaingia kwenye mfereji wa mwenzake. Msumari unapigwa kwa mshazari juu ya ulimi, ubao unaofuata unauficha, na usoni hakuna kichwa cha msumari hata kimoja. Ubao wa kwanza ndio kila kitu. Usiufuate ukuta, kwa sababu kuta zetu za mawe hazijanyooka; vuta uzi kutoka upande hadi upande na ufuate uzi.

Na sasa nimefika mahali ninapopapenda. Kati ya ubao wa mwisho na ukuta, acha nafasi. Milimita 12, kuzunguka chumba kizima. Fundi asiyejua atakazana kusukuma mbao mpaka zibusu ukuta, akidhani huo ndio usafi wa kazi. Mvua zikija mbao zinavimba, hazina pa kwenda, zinainuka katikati ya chumba, na nimeona sakafu iliyopanda juu kiasi cha kumkwaza mzee. Ile nafasi ndiyo pumzi ya sakafu. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kuiona, watu walibuni skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta.

Wengi wanadhani skatingi ni urembo, au ni ya kuzuia ufagio usichafue rangi ya ukuta. Inafanya hayo pia, lakini kwenye sakafu ya mbao kazi yake ya kwanza ni kufunika pengo ambalo lazima liwepo. Kwa hiyo inapigiliwa ukutani. Narudia: ukutani. Ukiipigilia kwenye sakafu, umeifunga sakafu isisogee, na ule mwendo wake utaing'oa skatingi au utapasua ubao. Iguse sakafu bila kuibana. Mgongo wake, upande usioonekana, upakwe rangi au vanishi sawa na uso, maana upande mmoja ukinywa unyevu na mwingine usinywe, ubao unajikunja kutoka ukutani na kuacha mdomo wazi wa kukusanya vumbi.

Kona za nje zikatwe pembe ya 45 kila upande, hapo hakuna njia nyingine. Kona za ndani, seremala mvivu huzikata 45 vilevile, zikaonekana nzuri siku ya kwanza, na kiangazi kikija zinafunguka. Seremala wa kweli anaupeleka ubao wa kwanza moja kwa moja mpaka ukutani, halafu ubao wa pili anauchonga nchani kwa msumeno mwembamba ufuate umbo la uso wa ule wa kwanza, ukaukumbatie. Mbao zikinywea, kiungo hicho hakionyeshi kitu. Ukitaka kumpima fundi kabla ya kumpa kazi, mwambie akuonyeshe kona moja ya ndani aliyoifanya miaka mitatu iliyopita.

Milangoni kuna ujanja mdogo. Badala ya kuchonga ubao wa sakafu ulizunguke umbo la fremu, jambo linaloacha nyufa za kuziba kwa gundi na vumbi la mbao, laza kipande cha ubao wa sakafu kando ya fremu, lalisha msumeno juu yake, ukate fremu chini kwa unene huo huo. Ubao unateleza chini ya fremu kama uliozaliwa nao. Dakika tano.

Vanishi sitaongea sana. Piga msasa kwa kufuata nyuzi, anza na wa kukwaruza umalizie na laini, pangusa vumbi, paka mikono mitatu myembamba badala ya mmoja mzito, na madirisha yawe wazi.

Ninachotaka kusema kwa mkazo ni usafi wa kila siku, kwa sababu Wakenya sisi tunaamini usafi ni maji. Tunapenda kupiga deki. Ndoo, sabuni, tambara linalotiririka, na sakafu ikiachwa imelowa ndipo tunasema sasa kumesafishwa. Mwaka mmoja wa deki za namna hiyo unamaliza kazi yote niliyoeleza. Sakafu ya mbao inafagiliwa, na tambara likitumika liwe limekamuliwa mpaka halidondoshi tone. Zungumza na anayefanya usafi kabla hujamlaumu, awe mke, mume, mtoto au msichana wa kazi. Ukimpa sakafu mpya na ndoo ya zamani, wewe ndiye uliyeiharibu. Na viatu vibaki mlangoni. Udongo wetu mwekundu una chembechembe zinazokwaruza vanishi kama msasa, na gambuti zilizotoka kwenye majani ya chai hazina biashara sebuleni. Wageni wazee, ambao si heshima kuwavua viatu, wawekewe mkeka mrefu mlangoni, basi.

Limebaki la malipo. Huku fundi mara nyingi hulipwa kwa mkataba, kiasi fulani kwa kila mita ya mraba, na akimaliza leo anaondoka leo. Mkataba wa namna hiyo unamfundisha kukimbia. Mimi ningekata hivi: sehemu tisa katika kumi alipwe akimaliza, sehemu ya kumi ibaki mpaka mwisho wa Februari inayofuata, mkague pamoja mwanya kwa mwanya baada ya jua. Na haki iende pande zote mbili: kama mbao ulizinunua wewe, naye alizipima mbele yako akakwambia ni mbichi, ukamlazimisha azifunge, hiyo sehemu ya kumi ni yake hata sakafu ikiachana. Iandikwe kwenye karatasi, wote mtie sahihi. Fundi akikataa sharti hilo kabisa, mwache aende. Na akilikubali upesi upesi bila kuuliza mbao zilikatwa lini, huyo naye mwache.